Fulgence Marchadier, Mgeni wa Kila Meza

Ndugu wafiwa, majirani wetu wa hapa Nevers, na ninyi mliotoka mbali, ambao magari yenu yamejaa nje ya kanisa hili hata gari la jeneza likakosa pa kusimama, poleni kwa safari na poleni kwa msiba. Mimi ni Aubin Peyrelade, mdogo wake Ghislaine, shemeji wa marehemu. Familia imeniomba niwasomee maisha yake, na dada yangu ameyasimamia haya maneno moja baada ya jingine, kila nilipotaka kulainisha amenikatalia, akaniambia, "Aubin, umeombwa kusoma, hukuombwa kupaka siagi." Kwa hiyo nitasoma kama yalivyo.

Marehemu Fulgence Marchadier alizaliwa tarehe 9 Februari 1948, katika kijiji cha juu milimani karibu na mji wa Saint-Flour, akiwa mtoto wa tatu wa Barthélemy Marchadier, mfugaji wa ng'ombe na mtengeneza jibini, na mkewe Eulalie, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Mama yake hakuacha kusimulia, hadi anaingia kaburini, kwamba siku ile theluji ilikuwa imefika madirishani, mkunga akafika amelowa hadi magotini, na baba mwenye mtoto, badala ya kumpandisha haraka chumbani kwa mzazi, akamkalisha kwanza mezani apate supu ya kabichi na kipande cha nyama, kwa sababu kwao mgeni hapandi ngazi na njaa, ikabidi Eulalie apige kelele mpaka nyumba ya pili wakasikia. Ghislaine anasema ukoo ule angeuchunguza vizuri kabla ya kuolewa, mengi yangemwepuka.

Alianza shule ya msingi kijijini kwao mwezi Oktoba 1954, akamaliza mwaka 1962, akajiunga na chuo cha ufundi huko Aurillac kusomea umeme, akahitimu Juni 1965 bila kushika nafasi ya kwanza wala ya mwisho. Wenzake wa bweni walimkumbuka kwa jambo moja, kwamba kila aliporudi kutoka nyumbani na mfuko wa soseji kavu na jibini, mfuko ule haukufika kesho, aliugawa wote papo hapo, kisha juma zima akawa anaomba mkate kwa wenzake, naye akaona hiyo ndiyo raha yenyewe.

Baada ya kutumikia jeshi kwa mujibu wa sheria huko Metz, aliajiriwa tarehe 3 Machi 1969 na kampuni ya kusimika minara ya umeme wa msongo mkubwa, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2008. Ni kazi isiyo na makao, mnara husimikwa katikati ya mashamba ya watu, mbali na hoteli, na mafundi walikuwa wakilala kwenye nyumba za wakulima, miezi mitatu hapa, mitano kule, wanakula walichokula wenyeji wao. Wenzake walipomaliza kazi waliacha mnara wakaondoka, Fulgence aliacha mnara na undugu. Mwaka 1974 alilala kwa Casimir Rondeau, mkulima wa mizabibu karibu na Sancerre, ambaye yuko pale mstari wa pili na anajua kwamba tutamfikia. Mwaka 1979 alilala kwa Odilon Tessereau, muuza nyama ya nguruwe katika kijiji kimoja nje ya mji wa Le Mans, na mkewe Perrette. Hao ni wawili tu, wengine ni ninyi nyote mliojaa humu hadi kwenye ngazi za kinanda, na nikiwataja mmoja mmoja marehemu hatazikwa leo.

Tarehe 24 Juni 1972, hapa hapa Nevers, marehemu alifunga ndoa na Ghislaine Peyrelade, mwalimu wa jiografia, aliyefundisha shule ya sekondari ya mji huu hadi mwaka 2010. Fungate yao ilikuwa waende Annecy wakaone ziwa. Walipofika Beaune Fulgence alikumbuka kwamba kuna familia moja pale iliyomlaza wakati wa baridi kali, akasema si adabu kupita bila kubisha hodi, na hodi ile ilizaa konokono wa siagi na kitunguu saumu, wakazaa nyama ya ng'ombe iliyochemshwa katika mvinyo, ikazaa jirani aliyesikia kwamba Fulgence ameoa, ambaye naye alikuwa na meza. Fungate iliisha Beaune. Bibi harusi aliyaosha masufuria ya watu asiowajua majina, akiwa na viatu vyeupe, na ziwa hakuliona mwaka ule wala uliofuata.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Sidonie, aliyezaliwa hapa Nevers tarehe 3 Mei 1976, na Lucien, aliyezaliwa Le Mans tarehe 15 Agosti 1981. Mtu akiuliza kwa nini Lucien alizaliwa Le Mans ilhali kwao ni Nevers, jibu liko kwa Odilon, maana uchungu ulimshika Ghislaine mezani kwake, bata bukini akiwa ndiyo kwanza anakatwa, na Fulgence, mwenye tabasamu lile mnalolijua, alimwuliza mkewe, "Unaonaje, mama Sidonie, tunaweza kumsubiri huyu bata kidogo?" Ghislaine alimjibu neno ambalo padre ameniomba nisilisome.

Ndugu wafiwa, Ghislaine amenituma niseme hili waziwazi. Kwa karibu miaka hamsini, kila Agosti, yeye na mumewe walifunga mizigo wakaizunguka Ufaransa, kutoka mashamba ya kaskazini hadi vilima vya Gascogne, na watu walimwonea wivu, wakisema mwalimu yule ana bahati, mumewe anamtembeza. Alitembezwa, ni kweli, lakini alichokiona ni vyumba vya kulia chakula. Anajua meza ya Périgord ina mguu mmoja mfupi, anajua kabati la vyombo la Colmar, anajua picha za marehemu babu zenu nyote zilizotundikwa juu ya jiko. Makanisa aliyaona kwa kupita, mito aliiona kupitia kioo cha gari, kwa sababu chakula cha mchana chenu huanza kabla kengele ya adhuhuri haijanyamaza na huisha wakati wa kuandaa cha jioni. Darasani aliwafundisha watoto wa watu habari za rasi na ghuba na miamba ya magharibi, akaichora rasi ya Crozon ubaoni kwa chaki bila kutazama kitabu, na hajawahi kusimama juu yake. Akimkumbusha mumewe, mumewe alisema, "Bahari haina miguu, mke wangu, tutaikuta. Bata akipoa ndiyo basi."

Na kilichomuudhi zaidi si bahari. Alitaka siku chache za kuwa na mume wake mwenyewe. Fulgence aliyekuwa nyumbani alikuwa mtu wa kuchoka na kulala kwenye kiti, kazi ilimchukua siku za juma, na Fulgence aliyechangamka, aliyesimulia, aliyeimba, aliyemshika mkewe bega na kumsifia mbele za watu, alipatikana kwenye meza zenu tu. Mkewe alimsikia akisema mambo mazuri juu yake, lakini aliyasikia kutoka ng'ambo ya meza, yakiambiwa watu wengine.

Mwezi Novemba 2021 marehemu alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akalazwa, ikaonekana moyo umeshindwa kusukuma damu sawasawa. Daktari wa moyo, mama mmoja mpole ambaye leo yuko nasi, alimweleza kwa subira kwamba chumvi basi, mvinyo basi, siagi na nyama za mafuta basi, safari ndefu basi. Fulgence alimsikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Daktari, umenibakishia nini? Maji?" Daktari akamwambia, "Maji nayo kwa kipimo, mzee." Alicheka mpaka akakohoa, na Ghislaine hakucheka, kwa sababu alijua nani atakayesimama jikoni kupika viazi visivyo na chumvi na nani atakayeitwa mkali.

Basi ikawa vita ya chini kwa chini. Perrette alituma vifurushi vya nyama kwa posta, akiandika juu yake kwamba ni vitabu. Casimir alipiga simu kila Jumapili akiuliza, "Shemeji, huyo mfungwa wako yu hali gani?" na Ghislaine alimjibu, "Mfungwa yu hai, Casimir, na akitoka mikononi mwangu hatakuwa." Wote mkacheka. Ghislaine anauliza, ni nini kilichokuwa kinachekesha?

Masika ya mwaka 2023 daktari alimruhusu marehemu safari moja, ya taratibu, na Sidonie akawapangia wazazi wake nyumba ndogo huko Crozon kuanzia Jumamosi ya tarehe 10 Juni. Masharti aliyaweka Ghislaine mwenyewe, sisi wawili tu, hatusimami kwa mtu, na Fulgence aliweka mkono kifuani, juu ya ule moyo mbovu, akasema, "Wawili tu. Naapa." Ghislaine alishika usukani. Anasema asubuhi ile mumewe alikuwa kama kijana, alimsomea majina ya vijiji njiani, akamshika goti, na yeye kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi alijisikia mtu anayekwenda likizo.

Walipokaribia Le Mans Fulgence alisema anabanwa, na asingeweza kungoja. Akasema pia kwamba vyoo vya barabarani ni vichafu, na kwamba hapo mbele, ukikunja kulia, anajua mahali pasafi. Ghislaine alikunja kulia. Mahali pasafi palikuwa kwa Odilon, na kwenye ua, chini ya turubai, palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe, kuku wa kuokwa, mabakuli ya nyama ya nguruwe iliyopikwa katika mafuta yake mpaka ikapakika kwenye mkate, jibini za aina nane, na Casimir Rondeau, aliyetoka Sancerre na chupa zake, amekwisha kufunga kitambaa shingoni.

Ghislaine hakushuka mara moja. Alimtazama mumewe, akamwuliza, "Ulipiga simu lini?"

"Jumanne," Fulgence alisema, akitazama magoti yake. "Ni saa moja tu, mama Sidonie. Tunawasalimia tunaondoka. Watu wamehangaika."

"Mimi ndiye niliyehangaika," alisema Ghislaine, lakini tayari Perrette alikuwa amefungua mlango wa gari na kumbusu mashavu yote mawili, huku akisema, "Shemeji, karibu! Usinikunjie uso, leo ni sikukuu!" na mkono wa Odilon ulikuwa umempokea Fulgence upande wa pili, kama mnavyopokea bwana harusi.

Ghislaine akaketi. Alitoa kwenye mfuko chakula cha mumewe, maharage mabichi na kipande cha samaki, akakiweka mbele yake, na Casimir akakitazama kile chakula, akakivulia kofia kama mtu aliyekutana na msafara wa maiti, meza nzima ikaangua kicheko. "Mwache ale, shemeji," Casimir alisema. "Moyo nao unataka furaha. Daktari hakukuandikia furaha?"

"Aliandika," Ghislaine alisema. "Ndiko nilikokuwa nampeleka."

Mtu akapitisha mkate. Saa moja ikapita, ikafuatwa na nyingine, na kuku akafuatwa na jibini. Fulgence alikwishaanza kusimulia kisa cha fahali wa Poitiers aliyemweka juu ya mnara tangu asubuhi mpaka machweo, kisa ambacho mkewe amekisikia mara nyingi kuliko Baba Yetu, ndipo Ghislaine akainuka, akafuta mdomo, akachukua funguo za gari, akasema bila kupaza sauti, "Mimi naenda kuiona bahari. Anayetaka kwenda na mimi, gari liko nje."

Wote wakamgeukia Fulgence. Ghislaine anasema alimtazama mumewe usoni, na aliona kwamba anataka kuinuka, aliona kabisa, mkono wake ulishika ukingo wa meza. Kisha mkono ukalegea, akasema, "Ngoja basi tumalize jibini."

Ghislaine hakungoja. Aliendesha peke yake mpaka Crozon, akilia na kutukana hadi Rennes, na baada ya Rennes akitukana tu, akaifikia rasi jua likiwa bado juu ya maji. Alisimama pale ukingoni alipopachora kwa chaki maisha yake yote. Nilimwuliza ilikuwaje. Akaniambia, "Ilikuwa nzuri kupita nilivyoifundisha, Aubin, na nilichukia, kwa sababu kila nilichokiona, ule mwamba, wale ndege, lile wimbi linalojipasua, nilikuwa nageuka nimwonyeshe yule mpumbavu." Alikaa siku mbili namna hiyo, anageuka na hakuna mtu.

Jumatatu, kabla ya chakula cha mchana, gari la Odilon la kusambazia nyama, lenye picha ya nguruwe anayecheka ubavuni, lilisimama mlangoni pake. Wakashuka Odilon, na Perrette, na Casimir, na vyungu vitatu vilivyofungwa kwa taulo, na mwisho kabisa, kutoka kiti cha mbele, Fulgence, amevimba miguu, amevua viatu na kuvishika mkononi. "Haya," akasema, "iko wapi hiyo bahari yako?" Ghislaine anasema hakujua ampige au amkumbatie, akafanya yote mawili.

Wakati wale wengine wakihangaika na jiko, wawili hawa waliteremka mchangani. Walikwenda polepole, kwa kadiri ya pumzi yake, mpaka maji yakawagusa vidole, na ni Fulgence aliyesimama, akamshika mkewe viwiko, akamtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama muda mrefu. Akasema, "Ghislaine." Hakumwita mama Sidonie. "Ghislaine, kuna neno moja ambalo mimi..."

"Kome wameiva!" Casimir alipiga kelele kutoka juu, akigonga sufuria kwa mwiko. "Fulgence! Kome wanapoa!"

Akageuka. Jamani, akageuka, kama mtoto anayeitwa, akacheka, akamwinulia Casimir mkono, na alipomrudia mkewe uso ule ulikuwa umekwenda zake. "Nitakwambia baadaye," alisema. Miezi yote iliyofuata Ghislaine alimwuliza, kwa upole, kwa hila, na mwisho kwa hasira, neno gani lile, Fulgence? Naye alimjibu kwa moyo mweupe, "Neno lipi?" Alikuwa amelisahau, au alijifanya, na dada yangu hajui kati ya hayo mawili lipi baya zaidi.

Tarehe 19 Februari mwaka huu, 2024, hali ya marehemu ilibadilika, akalazwa hapa Nevers. Mlikuja. Mlikuja wote, kwa zamu na bila zamu, wauguzi wakaomba wageni wawili wawili nanyi mkaingia sita sita, mkaketi juu ya kitanda, mkamsimulia, akawasimulia, na mkewe wa ndoa akawa anasimama mlangoni akishika makoti yenu. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 2 Machi, Ghislaine alitoka kwenye ujia kumzuia Casimir, ambaye koti lake la mvua lilikuwa linanuka jibini mpaka kwenye lifti. Walibishana pale kwa sauti za chini, yeye akisema hapana, Casimir akisema anuse tu, shemeji, hata kunusa? Mlango ukafunguliwa, akatoka Odilon, amejishika kichwa.

"Shemeji," alisema, "amekwenda. Hakuumia. Alikuwa anacheka."

Ghislaine akamwuliza, "Alikuwa anacheka na nani?"

Odilon hakuweza kumtazama. "Na mimi," alisema.

Nilipokaa na dada yangu kuandaa maneno haya nilimwomba tumalizie kwa kusema kwamba marehemu alipenda watu. Akaniambia, "Usiandike hivyo, kila mtu anajua. Andika kwamba aliwapenda wote kwa wakati mmoja, na aliyekuwa karibu zaidi akapangwa mwisho wa foleni, kwa kuwa yeye hakuwa anaondoka." Nimeandika.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watatu, na nyumba nyingi katika nchi hii ambamo kiti chake kitabaki kitupu.

Kwa niaba ya familia tunamshukuru daktari wa moyo, aliyemwongezea miaka miwili na zaidi ambayo marehemu hakustahili kwa tabia zake, tunawashukuru wauguzi waliovumilia kelele zetu, majirani waliolisha paka na kumwagilia bustani kila Agosti, mafundi wenzake wa minara, ambao wamembeba leo mabegani, na walimu wenzake Ghislaine waliokesha naye kwa sala. Tunamshukuru Perrette, tunamshukuru Odilon, tunakushukuru na wewe, Casimir, futa uso, hakuna anayekufukuza. Mlimpenda, mlimlisha, mlitumalizia mtu wetu, na mlimfurahisha kuliko tulivyoweza sisi, na yote haya ni kweli kwa pamoja.

Sasa lipo ombi moja la mfiwa. Kabla ya kwenda makaburini, Ghislaine anaomba mtoke. Nyote, wabeba jeneza, padre kwa ruhusa yake, watoto, na mimi pia. Tutasimama uwanjani, mlango utafungwa kwa ndani, naye atabaki humu na mume wake kwa muda anaoutaka, uwe mfupi au mrefu. Mtu asigonge mlango, asichungulie, asimwite. Mvua ikinyesha tutalowa.

Pumzika kwa amani, shemeji yangu. Na kwa leo tu, nakusihi, usimkaribishe mtu.